Msimlaumu aliyechovya rangi

Najua nimepotea kidogo. Si mnajua tena mwisho wa muhula: kazi za vikundi zinagongana na majaribio, bumu limekata, na mtu unakula maharage mchana na usiku mpaka yanakuzoea. Leo sina habari za foleni ya kantini wala za maji kukatika bwenini. Nina habari ya kibao chekundu cha alumini ambacho kipo hapa mezani kwangu ninapoandika. Kina dole gumba langu. Nitaeleza.

Maoni yangu nayasema mapema ili mwenye mtihani kesho asome aya hii tu aende zake. Alumini ikitoka kwenye rangi ina madoa, msikimbilie kumlaumu aliyeichovya. Mara nyingi kosa lilishaingia kabla, ila lilikuwa bado halijaonekana. Sisi tunaojiita walimu watarajiwa tulimkata mwenzetu alama kwa sababu moja tu: doa lilijitokeza likiwa mikononi mwake. Hiyo si haki, na kibaya zaidi ni sayansi mbovu.

Basi bwana, tulipewa kazi kwenye somo la zana za kufundishia. Kikundi cha watu watano. Tutengeneze kitu cha kufundishia elektrolisisi ambacho mwanafunzi wa sekondari anaweza kukishika, sio mchoro wa manila ukutani. Wazo lilikuwa langu, nakiri. Nilikuwa na tochi ya bluu ya alumini, nikajiuliza mbona rangi yake haibanduki kama ya baiskeli? Kumbe haikupakwa. Ndiyo teknolojia ileile iliyoipa iPod mini ya mwaka 2004 zile rangi zake za waridi na kijani. Tukakubaliana: tutatengeneza vibao 12 vyekundu, vyote rangi moja, kila kimoja sentimita 5 kwa 10.

Wenzangu wa HKL msikimbie, nafafanua taratibu. Alumini ikikaa hewani tu inajivika ngozi nyembamba sana ya oksaidi, unene wa nanomita chache. Ukiizamisha kwenye asidi ya salfuriki na kuifanya anodi, yaani upande chanya wa umeme, ngozi ile inanenepa mara maelfu. Na inanenepa kwa namna ya ajabu: inajaa vitundu vilivyosimama wima kama sega la nyuki, kila kitundu upana wa nanomita 10 hadi 20 hivi. Rangi unayochovya baadaye inaingia ndani ya vitundu hivyo. Mwisho unachemsha kibao kwenye maji safi, oksaidi inavimba, midomo ya vitundu inajifunga, rangi imebaki humo.

Hili jambo si geni. Waingereza Bengough na Stuart walianza kwa asidi ya kromiki mwaka 1923 ili kulinda vipande vya Duralumin vya ndege za baharini visiliwe na maji ya chumvi. Mwaka 1927 Gower na O'Brien wakaandikisha hataza ya njia ya asidi ya salfuriki, ambayo ndiyo inatumika sana mpaka leo. Kazi hii inaitwa kuanodisha, na mimi nitatumia neno hilo.

Sasa shikeni jambo moja hapa, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Rangi haikai juu ya alumini. Inakaa ndani ya nyumba iliyojengwa na watu wengine. Penye vitundu vingi na virefu itaingia nyingi, penye vichache itaingia kidogo, pasipo na kitundu haiingii kabisa. Rangi haichagui. Inakwenda ilikoandaliwa.

Tuligawana kazi. Kaka mmoja alikata vibao kwenye mabaki ya fremu za madirisha tuliyopewa na fundi alumini kule Gerezani. Mimi nilipewa usafi: sabuni, kisha kostiki soda ya moto ili kula uso wa juu, kisha kusuuza kila hatua. Jamaa wa tatu alifunga waya na kuning'iniza. Wa nne alikaa na kifaa cha umeme na saa. Wa tano, dada mmoja ambaye mama yake mdogo anatengeneza batiki, tukampa rangi. Tukawa tunamwita Mama Batiki kwa utani, ingawa ana miaka 22 tu.

Maabara tulipewa Jumamosi, fundi sanifu akiwepo, na miwani na glovu kwa kila mtu. Asidi ya betri lita moja kwenye lita moja na nusu ya maji (asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe usigeuze!), ikatoka kama gramu 180 kwa lita, ndiyo inayotakiwa. Umeme ampea 1.5 kwa kila desimita ya mraba, na kibao chetu pande zote mbili ni desimita moja kamili, kwa hiyo vibao vitatu kwa mkupuo ni ampea 4.5. Dakika 45. Hapo unapata ngozi ya maikromita kama 20. Kwa joto la Dar beseni la asidi lingepanda mpaka 30 na zaidi, na asidi ya moto inakula ngozi huku umeme ukiijenga, unabaki na unga unga. Kwa hiyo tulinunua barafu za mfuko tukaweka kwenye beseni la nje, tukashikilia nyuzi 20.

Na huyo tuliyemwita Mama Batiki? Ndiye alikuwa na akili kuliko sote. Mimi nilitaka tutumie rangi ya batiki ya mama yake mdogo ili kubana matumizi. Akasema, "Ile tunaichanganya na kostiki soda. Si ndiyo hiyohiyo unayotumia kula alumini?" Nikanyamaza. Ni kweli, ingekula ngozi yote tuliyoihangaikia. Akaenda stesheni ya pale nje akanunua wino mwekundu wa kujazia printa, na akamuuliza muuzaji kama ni wa kuyeyuka au wa chembe. Maana wino wa chembe una punje za nanomita mia hivi, utapitaje kwenye kitundu cha 20? Beseni lake la rangi alilitunza kwenye nyuzi 60 kwa kipimajoto, dakika 10 kamili, anatikisa polepole muda wote.

Mikupuo minne, vibao 12. Saba vikatoka vyekundu safi, unaweza kuvaa kama mkufu. Vitano aibu. Viwili vilikuwa na mabaka kama mtu mwenye utango mgongoni. Kimoja kilikuwa chekundu hafifu, kimefifia chote. Viwili vilikuwa na wekundu wa kijivujivu kama nyama iliyolala.

Tulipowasilisha, dokta akauliza kwa nini havilingani. Kimya. Kisha mmoja wetu akasema, "Dokta, nadhani rangi haikukaa vizuri." Wote tukatikisa vichwa. Na mimi nikatikisa. Kwenye zile alama 10 ambazo wanakikundi tunapeana wenyewe, sisi wanne tulipata nane na tisa. Dada akapata nne. Hakubisha. Alisema tu, "Vile vibao havikutaka rangi," tukaona anajitetea.

Wiki mbili baadaye nimelala bwenini, umeme umekatika, nimesogea dirishani na kimoja cha vile vyenye mabaka. Nakigeuzageuza juani. Lile baka la pembeni lina mistari. Mistari ya duara. Na katikati imekatwa na mstari mmoja mshazari. Wadau, mimi nina kovu kwenye dole gumba la kulia, nilijikata na panga nikiwa darasa la tano. Nikaweka kidole juu ya baka. Kikakaa kama ufunguo kwenye kufuli.

Ndipo nikakumbuka. Mkupuo wa tatu, simu iliita, ni mama. Nikavua glovu, nikatoka nje kuongea, nikala na andazi la mwenzangu. Niliporudi muda umeisha, nikachukua vibao viwili kwenye maji ya kusuuza kwa vidole vitupu nikampa dada. Akaniambia, "Kaka, mbona umevua glovu?" Nikacheka. Mafuta ya andazi na jasho yakaziba vitundu pale nilipogusa, na rangi ikapita pembeni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ushahidi ulikuwepo tangu siku ya kwanza na sisi ni watu wa sayansi. Vibao vya mkupuo wa tatu viliingia kwenye rangi kwa pamoja. Beseni moja, nyuzi zilezile, dakika zilezile 10. Viwili vikatoka na mabaka, cha tatu, ambacho dada alikichukua mwenyewe akiwa na glovu, kikatoka safi. Kama kosa ni la rangi, cha tatu kimesalimikaje? Swali la mtoto wa kidato cha pili. Hakuna aliyeliuliza kwa sababu tulikuwa tunatafuta mtu, hatukuwa tunatafuta sababu.

Na doa lenyewe huwa linasema lilikotoka, ukilisoma kabla ya kuuliza nani alikuwa zamu. Baka lenye umbo la kidole au mkono ni mafuta. Kibao kilichofifia chote kuliko wenzake huenda kimeshikwa vibaya: waya ukilegea, umeme unapita kwa shida, ngozi inaota hata chini ya waya na kuzuia zaidi, na kibao kinapata unene mdogo kuliko wenzake. (Waya wenyewe uwe wa alumini au titani, shaba itayeyuka kwenye asidi.) Michirizi inayotiririka kutoka kwenye tundu au kona ni asidi iliyojificha humo na kuvuja baadaye, yaani usuuzaji wa haraka. Duara jeupe ni pulizo la hewa lililonaswa. Rangi inayotoka kwa kitambaa pamoja na unga ni asidi iliyopata joto. Upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, angalia kathodi: huenda ipo upande mmoja tu. Na kama kibao kizima kina sura tofauti na wenzake, uliza kimetokana na alumini gani.

Hilo la mwisho ndilo lililovipata vile viwili vya kijivu. Nilipomfuata yule kaka wa kukata akacheka kwa aibu. Fremu za madirisha zilimtosha vibao kumi tu, viwili akavikata kwenye mfuniko wa sufuria la kusubu. Alumini ya fremu kwa kawaida ni ya aina inayopokea rangi vizuri. Ya sufuria la kusubu ni vyuma chakavu vilivyoyeyushwa pamoja, na mara nyingi ina silikoni nyingi. Silikoni haigeuki ngozi yenye vitundu, inabaki kama vumbi la kijivu ndani. Hata ungemleta mtaalamu kutoka Ujerumani, vibao vile visingefanana na vya fremu.

Na kile kilichofifia? Jamaa wa nyaya alikiri kwamba kimoja kilimteleza, akakikaza katikati ya kazi. Kwa hiyo makosa matatu, watu watatu, na hakuna hata moja lililotoka kwenye beseni la rangi.

Najua kuna mdau atasema: ina maana anayechovya hakosei kamwe? Hapana, anakosea. Wino usipoyeyuka vizuri utaacha nukta. Beseni likiwa la baridi rangi itakuwa hafifu. Kibao kimoja kikikaa dakika 5 na kingine 15, vitapishana. Akisuuza kwa maji ya moto kabla ya kuchovya ataanza kufunga vitundu kabla ya wakati. Lakini tazameni: makosa mengi ya aina hiyo yanavipata vibao vyote vilivyokuwemo. Hayachagui kona moja ya kibao kimoja na kuchora dole gumba. Kwa hiyo ninachosema sio kwamba mtu wa mwisho asiulizwe. Aulizwe kwa ushahidi, kama wengine.

Ili nisiwe mtu wa maneno tu, wiki iliyopita nilimwomba fundi sanifu saa chache, tukarudia vile vitatu vya fremu. Kostiki soda inaondoa ngozi ya zamani na rangi yake, kibao kinapungua unene kidogo tu. Safari hii kabla ya umeme tulifanya jaribio la bure kabisa: unamwagia kibao maji safi na kukisimamisha. Maji yakitanda kama shuka moja, ni kisafi. Yakikatika na kujikunyata kuwa matone, kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Glovu mkononi mwanzo hadi mwisho, waya umekazwa mpaka hautikisiki. Wino uleule, uliobaki kwenye chupa ileile. Vilitoka vitatu vyekundu, huwezi kuvitofautisha na vile saba. Kimoja cha mabaka nilikuwa nimeshakifanyia kazi, cha pili nikakificha mfukoni nisikirudie. Nikamwambia fundi sanifu kwamba kile cha tatu tukikate upya kwenye fremu nyingine, maana hiki chenye dole gumba nakihitaji.

Kwa nini nalisumbua jambo hili kwenye ukurasa wangu? Kwa sababu mwezi ujao tunakwenda TP, na baada ya hapo tunakabidhiwa watoto wa watu. Hivi mmeshasikia matokeo ya kidato cha nne yakitoka vibaya, nani anashikwa shati? Mwalimu wa kidato cha nne. Wakati mwingine anastahili. Lakini kuna mtoto amefika kwake hajui kugawanya, amepita darasa baada ya darasa na dole gumba la kila mtu, na hakuna aliyemmwagia maji kuona kama yanatanda. Mwalimu wa mwisho anamchovya kwenye rangi, baka linajitokeza, tunasema rangi mbovu.

Pendekezo langu ni dogo. Kazi ya kikundi yenye hatua, kila hatua iwe na kipimo chake na sahihi ya aliyeifanya kabla kazi haijapita kwa mwingine. Usafi: maji yametanda, sahihi. Waya: umevutwa haukutikisika, sahihi. Umeme: ampea hazikushuka ghafla, sahihi. Alama zetu za kupeana zifuate hizo sahihi. Hii ni karatasi moja ya A4, haihitaji wafadhili. Na yule wa mwisho awe na haki ya kukataa kupokea kibao. Dada aliona glovu imevuliwa. Kama angekuwa na haki ya kusema "hiki sikipokei," nisingekuwa naandika haya.

Nimekwenda kwa dokta na kibao. Alikitazama, akatazama dole langu, akacheka kidogo, kisha akasema alama zimeshapelekwa na haziguswi kwa maneno. Anataka barua iliyosainiwa na sisi wanne. Tumesaini watatu. Wa nne anasema yameshapita, tusichokonoe, tutakatwa wote. Inawezekana kweli tutakatwa. Mimi nimeshapiga hesabu: hata nikishuka mpaka nne somo sifeli. Huyo mwenzetu kama anasoma hapa, ajue barua ipo chumbani kwangu na kalamu ipo juu yake.

Kwa dada mwenyewe nilikwenda jana jioni, pale kwenye viti vya nje ya maktaba. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi, nikampa kibao akione. Alikigeuza, akakipima na dole lake, halikukaa. Akanirudishia.

"Basi kaa nacho, kaka," akasema. "Ni chako."

Haya wadau, na nyie semeni. Hasa mliowahi kukatwa alama kwa doa la mtu mwingine. Mimi naenda kuchota maji kabla hayajakatika.